Kanga Isiyofuliwa

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya sabuni, mwanangu. Kaa nikuhadithie, maana kesho unakwenda Lindi kuanza kazi ya kulea watoto wa watu, na bibi yako nabaki na kuku. Kuku hawana mazungumzo.

Nilikuwa msichana kama wewe, na mjuaji kama wewe pia, usinune. Pale Mingoyo njia panda kina mama walikuwa wameanzisha kituo cha kulea watoto, chumba kimoja nyuma ya ghala la korosho. Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara zimefunguliwa, mabasi yanasimama, kila mwanamke ana beseni lake la mihogo ya kukaanga anakimbilia madirishani. Na madukani, sabuni! We acha tu. Sisi tuliokuwa tukifulia majani ya mpapai, leo sabuni ya unga inauzwa hadi barazani kwa mtu. Nililewa sabuni, wallahi.

Kina mama wale walikuwa na desturi yao. Asubuhi mama akimleta mwanawe, huja na kanga aliyoilalia, humtandikia chini, ndipo aondoke. Kanga ina jasho, ina maziwa yaliyokaukia, ina moshi wa jikoni. Mimi nikaona uchafu. Kila asubuhi kina mama wakishaondoka, nikawa nazikusanya zote, nazifua, nazianika uani, zinapendeza kweli kweli. Sikumwuliza mtu. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini mjuaji atauliza nini?

Palikuwa na mtoto mmoja, Athumani, hata mwaka hajatimiza. Mama yake, Somoe, alikuwa mjane, hana ila huyo. Nilipomlaza kwenye kanga iliyofuliwa aliivuta puani, akaisukuma, akalia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya pili akagoma uji. Siku ya tatu hakulia tena. Alitazama mlango tu, na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi kwamba sasa ametulia.

Lakini uji sikumwachia. Nikajisemea, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Nikamlaza chali pajani, nikamkingia kiganja mdomoni na kumimina, kama tulivyonyweshwa sisi, na pua nikambana ili ameze. Akapaliwa. Macho yakamtoka, midomo ikabadilika rangi, sauti hakuna. Nikapiga yowe.

Aliyemwokoa ni Bi Mwanaisha, mpishi wetu wa uji, mama wa Kimwera asiyejua kusoma hata jina lake. Alimnyakua, akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa chini, akampiga mgongoni kwa kiganja, tena na tena, mpaka uji ukatoka na kilio kikafuata. Sijapata kusikia kilio kitamu kama kile.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Kanga ya mama yake iko wapi?" aliniuliza.

"Nimeifua, bibi. Ilikuwa inanuka."

"Inanuka nini?"

Nikageuka kuitazama pale kambani.

"Inanuka mama," akasema. "Siku tatu mtoto huyu yuko msibani peke yake, nawe unamlazimisha uji."

Jioni nilimweleza Somoe mwenyewe, bila kuficha. Alinisikiliza, akamfunga mwanawe mgongoni, akaenda zake. Hakumrudisha tena. Nikawa namwona njia panda, beseni kichwani, mtoto mgongoni, jua kali na mabasi yanawapita karibu karibu, na sababu ni mimi. Nikimsalimu anaitikia na kupita. Mpaka leo linaniuma.

Basi, mwanangu, nisikilize. Mama akikuachia kanga yake, iache na harufu yake. Mtandikie mtoto chini, na isimfunike uso. Uji mpe kwa kijiko, ameketi wima, na akigeuza kichwa mwambie haya baba, tutakula baadaye. Usimbane pua mtoto wa mwenzio kwa sababu una haraka. Anayelia anakuita, mwendee. Ila yule aliyenyamaza akatazama mlango, huyo mkimbilie kwanza, maana ameshaacha kukuita. Mimi naujua ukimya huo. Nyumba hii itakuwa nao kuanzia kesho.

Mama yako alipotangulia mbele ya haki, nguo zake ziligawiwa zote kama ilivyo desturi. Kanga moja niliificha. Uliilalia mpaka ukaanza kutembea, ndiyo maana uji hukunisumbua. Iko chini ya mto wangu. Harufu imekwisha siku nyingi, nami bado sijaifua.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe mkono mwepesi na moyo usiochoka, na kila mtoto utakayempokea asubuhi umrudishe jioni mzima kwa mama yake. Nawe akurudishe kwangu. Na hiyo kanga uliyoilalia jana, niachie. Usiifue.