Njia ya Bustanini Kwangu

Walikaa kikao sebuleni kwangu, kwenye viti vyangu, na mimi niko jikoni nawachemshia chai. Wanangu wote walikuja, na wakwe. Majina yao nayajua yote, na ya wajukuu, na ya mbuzi wao, ila siyaandiki hapa, wasije wakasema mama ameanza kuanika watu. Nilipoingia na birika, mwanangu wa kwanza akasema, "Mama, tumeamua. Bustani basi. Kabla mvua hazijaanza tena, unahamia kwangu Mollo. Chumba kipo."

Tumeamua. Mimi nilichokuwa nimeamua asubuhi ile ni majani ya chai tu.

Chanzo ni kuteleza. Nyuma ya nyumba yangu hapa Kizwite pana mteremko hadi kwenye kijito, na chini kule ndiko iliko bustani: kabichi, figiri, maharage, na magimbi pembeni mwa maji. Udongo wa mteremko ule ukilowa ni sabuni. Mvua zilipochanganya nilianguka na ndoo nikakaa kwenye tope. Sikuvunjika. Kiuno kiliuma, nikakikanda, kikapona. Lakini hakuna hata mmoja kwenye kikao kile aliyesema tatizo ni tope. Wote walisema tatizo ni mama.

Nilikasirika hadi chai yangu ikapoa. Kisha nikasema moyoni, kama ni tope, basi nitalishughulikia tope. Nitatengeneza mawe ya saruji, niyapange toka mlangoni hadi bustanini, niwe nakanyaga juu yake.

Kulikuwa na mfuko wa saruji uliobaki tulipopiga sakafu ya choo. Mchanga nilichota kijitoni. Kokoto niliponda mwenyewe kwa nyundo, na kila niliyemkasirikia nilimpondea jiwe lake. Kwa kalibu nilichukua beseni la bati lililotoboka, na sufuria ya zamani niliyokuwa napikia pombe ya ulezi, nikaipaka ndani oili chafu ili saruji isinate. Jirani yangu alichungulia ugoni. Yeye ni mke wa fundi ujenzi, na mdomo wake hauna mlango.

"Shikamoo bibi. Leo keki?"

"Marahaba. Keki. Njoo ule, umalize meno."

Mawe ya kwanza niliyaharibu. Mimi nimefyatua tofali za udongo tangu usichana, na tofali unalianika, jua na upepo vilikaushe. Basi na haya niliyatoa kwenye kalibu nikayaanika juani, yakapigwa na upepo wetu huu wa kiangazi, nikayaona yamekauka vizuri, meupe. Nilipokanyaga la kwanza lilimeguka kama ugali uliolala. Jirani alicheka hadi akashika ugo.

"Bibi, saruji haianikwi. Saruji inanyweshwa. Ifunike magunia, uimwagilie asubuhi na jioni kama miche ya kabichi."

Nikafanya hivyo. Mwanamke mzima namwagilia mawe. Lakini yalikaza. Niliyagonga kwa nyundo yakalia kama chuma.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ilipofika. Jumapili moja nilikwenda misa ya kwanza. Kurudi, nikamkuta yule mwanangu wa kwanza nyuma ya nyumba, amekunja suruali, ana jembe na kamba. Amepanga mawe yangu yote. Kamba ilinyooka, mawe yamenyooka, na simu mkononi anapiga picha awatumie wenzake.

"Mama, ona. Nimekusaidia. Inapendeza hadi mwisho."

Nikaenda kukanyaga. La kwanza sawa. La pili sikulifikia. Mguu ulining'inia hewani kama wa kuku kwenye baridi, nikalazimika kuushusha chini, kati ya mawe, palepale kwenye udongo. Alikuwa amepima kwa hatua zake. Jitu refu lile, limemfuata baba yake, linapiga hatua kama linaruka mtaro.

"Njia hii ni ya nani?" nikamuuliza.

"Ya kwako, mama."

"Kwa hiyo nikitaka figiri niruke?"

"Lakini mama, yamegawanyika vizuri. Ukiyasogeza hayatatosha kufika chini."

"Yatatosha yakitosha. Mawe nimepika mimi."

Akasema kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "Ndiyo maana tunasema uje Mollo, mama. Usihangaike." Hapo niliingia ndani, nikafunga mlango, maana ningesema neno ambalo mtu hatamki akitoka kukomunika.

Kesho yake niling'oa yote. Nilitembea toka mlangoni, mwendo wangu huu huu wa siku zote, na kila unyayo ulipotua nikachora duara, nikachimba, nikalaza jiwe. Penye mteremko mkali yalikaribiana sana, karibu kugusana. Kweli hayakutosha. Nikapika mengine, nikayanywesha, nikamalizia.

Mvua zilianza. Mwanangu akaja na pikapu, kama walivyoamua. Hakuuliza. Yeye na mwenzake mmoja walibeba kitanda changu, wakakipakia, godoro juu, turubai likafuata. Mimi nikachukua kapu, nikatoka mlango wa nyuma, nikashuka. Mvua inanyesha. Jiwe, jiwe, jiwe. Sikushika kitu. Nikachuma figiri.

Akanifuata huku ananiita. Hatua zake hazikukubaliana na mawe yangu. Aliruka moja, akakosa la pili, kiatu kikazama, akaenda chini kwa goti. Sikucheka. Nilitaka, lakini hasira ilikuwa bado imejaa.

"Mama, utalowa. Twende, gari linasubiri."

"Unaniona nimeanguka?"

Alijitazama goti. "Hapana."

"Basi kanirudishie kitanda."

Alijipangusa goti, maji yanamtiririka usoni. Mwisho akasema, "Sawa. Basi mvua hizi tuone."

Tuone. Kama mbegu iliyowekwa kwenye kopo la majaribio. Neno hilo limenichoma kuliko kikao chenyewe, na hadi leo sijalimeza.

"Hamna cha kuona," nikamwambia. "Kiingize ndani kabla godoro halijalowa."

Akapanda mteremko kwa kushika nyasi. Nilibaki nachuma hadi kapu likajaa, kisha nikapanda taratibu, nikamkuta anahangaika kupitisha kitanda mlangoni, peke yake, mwenzake kajificha mvua garini. Sikumsaidia.