Daftari Lisilo na Hitilafu

Nakumbuka asubuhi moja ndani ya hifadhi, ndege ya injini mbili imelala kwa tumbo katikati ya kiwanja cha changarawe, propela zake zimekunjika kama majani ya mgomba yaliyopigwa na mvua ya mawe. Abiria saba walikuwa wamekaa kwenye nyasi pembeni wanakunywa maji, wazima wote. Rubani alisimama peke yake, kofia mkononi. Ndege ile ilikuwa iwe yangu, mwanangu. Chini ya mwezi mmoja kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekubali kwa mdomo wangu kuirusha, kisha nikakataa, na kijana yule akachukua nafasi yangu.

Ngoja nirudi nyuma nieleze kwa mpangilio.

Sasa nimestaafu, nafuga ng'ombe wachache hapa Morotonga, na marubani vijana hunijia wanapotaka kuhama shirika. Jumapili iliyopita alikuja Bhoke, binti wa marehemu mdogo wangu, kwa bodaboda kutoka Mugumu. Anarusha ndege ndogo za watalii. Shirika jingine lenye ndege kubwa zaidi limemwita, na anatakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Hata uji hajaumaliza, akauliza, "Baba mkubwa, niende nisiende?"

Nikamwambia jibu la swali hilo sina. Ninachoweza kumpa ni habari ya mambo yaliyonipata, nayo ndiyo hii ninayokupa wewe pia, rubani kijana.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na minne kati ya hiyo nilikuwa narusha ndege ya injini moja. Rubani wa injini moja wakati ule alikuwa kama mwalimu wa darasa la kwanza: kila mtu anamhitaji, hakuna anayemwuliza habari. Mashirika makubwa yalitaka kujua jumla ya saa ulizoruka kwenye injini mbili, na mimi sikuwa na hata moja. Basi shirika dogo lenye ndege ya injini mbili liliponiita, sikusikia kingine chochote.

Meneja wao alikuja na ndege hiyohiyo kwenye kiwanja chetu. Mtu mpole, shati limenyooka. Akanikaribisha mbele, kwenye kiti cha rubani. Viti vipya, vioo safi. Akanipa daftari la ndege nilitazame. Kwa asiyejua kazi yetu, hilo ni daftari ambalo rubani akiona hitilafu yoyote, anaiandika humo, na ndege hairuki mpaka fundi aishughulikie na kutia saini. Nikafunua ukurasa baada ya ukurasa. Miezi minne, hakuna hitilafu hata moja. Nikaona nimepata bahati ya maisha. Nikampa mkono, nikamwambia nakuja.

Jioni nilimkuta fundi wetu, Mzee Marwa, anabadilisha tairi ya ndege yangu. Alikuwa mtu wa Gorong'a kama mimi, rika la baba yangu, hivyo kwa kwetu nilimwita tata, yaani baba, naye akiniita mura, kijana.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Naona umeshaanza kutembea kama mtu wa injini mbili."

Nikacheka, nikamweleza habari za lile daftari. Akaweka spana chini.

"Mura, miezi minne?"

"Minne, tata. Safi kabisa."

"Ndege inatua kwenye mawe kila siku, inakula vumbi, inakwepa nyumbu, na kwa miezi minne haijaunguza hata taa moja? Mimi na mke wangu hatujawahi kumaliza hata wiki bila hitilafu, na sisi hatutui kwenye mawe!"

"Labda wanaitunza vizuri."

"Anayeitunza ndege vizuri, daftari lake limejaa. Kaona hiki, kaandika, katengeneza, katia saini. Wewe umeona daftari la watu waliokatazwa kusema. Nenda kamwulize rubani wao: mara ya mwisho alipokataa kuruka, bosi alimwambiaje?"

Nilikasirika, nisikufiche. Nilifikiri mzee ananionea wivu, au hataki kunipoteza. Lakini swali lile lilinikaa kichwani, na siku ya tatu nikamtafuta Ochieng, rubani niliyekuwa namrithi. Alikuwa anahamia kwingine. Nilimkuta anakunywa chai, nikamwuliza kama nilivyotumwa. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Kukataa? Kaka, huku hakuna kukataa. Hitilafu tunaandika kwenye kikaratasi, jioni tunampa fundi. Ikiingia kwenye daftari, ndege inasimama, na wewe unasimama nayo."

"Na sasa kikaratasi kinasemaje?"

"Gurudumu la kulia linachelewa kushuka. Unahesabu polepole hadi kumi, linashuka. Utazoea."

Aliyasema hayo kama mtu anayekuelekeza mlango wa nyumba unaogoma kidogo.

Sikulala vizuri siku hiyo, ila asubuhi nilikuwa nimeshaamua. Nilikwenda ofisini kwao kuondoa neno langu. Na hapa, mwanangu, ndipo kosa langu lilipo, maana kwa kukataa kwenyewe sikukosea. Meneja aliniuliza sababu. Niliogopa kuonekana mchochezi, na marubani nchini tulikuwa wachache, jina likichafuka Arusha linafika Mwanza kabla yako. Nikamwambia mama yangu anaumwa sana, siwezi kubadilisha kazi wakati huu. Mama yangu siku ile alikuwa shambani Gorong'a analima mihogo. Meneja akanipa pole, akanisindikiza hadi mlangoni.

Wiki tatu baadaye nilikuwa nimeegesha kiwanjani, nasubiri abiria wangu, nikaisikia ile injini mbili inakuja. Gurudumu la kushoto lilishuka. La kulia halikushuka. Ikazunguka mara mbili, mara tatu. Kijana aliyechukua nafasi yangu akafanya jambo la busara: akarudisha hilo moja juu, akaishusha ndege kwa tumbo, taratibu, vumbi likafunika kila kitu. Kisha mlango ukafunguka, nikaanza kuhesabu watu. Nilipofika wa nane, ambaye ni rubani mwenyewe, nikakaa chini kwenye changarawe. Sijawahi kufarijika vile, si siku niliyopata leseni, si siku mwanangu wa kwanza alipozaliwa salama.

Mzee Marwa aliletwa mchana kusaidia kuiinua ile ndege. Alipita mbele yangu na jeki, akasimama.

"Mura, mama yako amepona?"

Uongo wangu kwa meneja ulikuwa umeshamfikia, na swali hilo hakulirudia tena mpaka anastaafu.

Kwa hiyo, mwanangu unayefikiria kuhama, sikukatazi. Mimi mwenyewe nilihama mwaka uliofuata, nikapata saa zangu za injini mbili kwenye shirika ambalo daftari lake lilikuwa limechafuka kwa wino, na nimestaafu nikiwa mzima. Unapokwenda kutazama kazi mpya, usitazame viti. Omba daftari. Ukikuta limejaa hitilafu zilizotiwa saini, kaa utulie, hapo watu wanasema kweli. Ukikuta jeupe, uliza kwa nini. Ongea na mafundi kabla ya meneja, na mtafute anayeondoka, kwa sababu hana tena cha kuogopa. Na ukiamua kukataa, sema sababu yenyewe, kwa sauti, na uiandike, hata wakikununia. Kuna mtu atakaa kwenye kiti ulichokiacha.

Mungu akupe macho ya kuona na kinywa cha kusema. Kila unaporuka utue kwa magurudumu yako yote, na wanaokusubiri wakuone ukishuka.

Bhoke aliniaga Jumapili ileile. Jumatatu aliwaandikia wale wa shirika jipya, akaomba kuliona daftari la ndege yao moja tu, yoyote watakayoichagua wao. Leo ni Alhamisi, na bado hawajamjibu.