Funguo Zilizokwenda Msibani

Siku ile naikumbuka hata harufu yake, mwanangu: dizeli, udongo mbichi, na jasho la wachimbaji waliokaa pembeni ya duara, shimo lao la dhahabu, wakinitazama nikishuka kwenye gari bado nina khanga za msibani. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Umeniuliza kama umwajiri mtu mzoefu akuendeshee shughuli za kampuni yako changa kwa miezi michache, na unaogopa watu watasema umeshindwa. Hebu kaa nikueleze. Mimi niliogopa hivyohivyo, na mtu aliumia kwa sababu yangu.

Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, kampuni haijafikisha hata miaka miwili. Tulikodisha pampu za kutoa maji kwenye maduara ya wachimbaji wadogo huku Geita. Wateja walinipenda kwa sababu ukinipigia napokea mwenyewe, tunasalimiana Kisukuma, pampu inakuja. Nilijisifu kwa hilo, usiseme! Mafundi walikuwepo, dereva alikuwepo, lakini bila mimi kusema hakuna kilichotoka stoo, na funguo za stoo zilikaa kwenye mkoba wangu.

Basi shangazi yangu akafariki Kishapu, nikaenda kuzika. Simu ikaisha chaji, nami sikuhangaika. Huku nyuma pampu ya lile duara ikafa, maji yakaanza kupanda. Fundi wangu Doto alibaki amesimama nje ya stoo yenye pampu nne nzima, anatazama kufuli. Wachimbaji walipanda kwa haraka, gogo la kukanyagia likateleza, na Baba Neema, aliyekuwa wa mwisho kutoka, akavunjika mguu. Nilirudi na funguo zangu kesho yake. Aibu niliyoisikia siku hiyo sijaisikia tena maishani.

Kaka yangu Masele, ambaye tulianza wote kampuni, hakupandisha sauti. Alisema ama tumlete mtu anayejua kuendesha kazi, ama yeye anatoka. Ndipo akaja Mzee Shija, mstaafu aliyesimamia karakana za mgodini miaka mingi. Cheo chake mkuu wa uendeshaji, mkataba wake miezi sita. Nilimpa shikamoo kwa heshima zote, na moyoni nikasema huyu amekuja kuninyang'anya.

Wiki mbili za kwanza alizunguka tu na Doto, akiuliza na kuandika. Kisha akaomba funguo, akazigawa: Doto zamu moja, mwenzake zamu nyingine. Akatenga pampu moja ya akiba, akasema haitoki mpaka iliyo kazini iharibike. Na mimi je? Mteja wangu wa zamani alinipigia, akanibembeleza kwa Kisukuma kitamu, nikaagiza hiyohiyo ya akiba apelekewe, kimyakimya. Hazikupita siku tatu, pampu ya duara la akina Baba Neema ikagoma tena, na stoo hakuna kitu, nyingine zote zimekodiwa. Watu walitoka salama, lakini ilikuwa bahati tu.

Mzee Shija aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mama, mtu akishakodi pampu kwako, anakaa pembeni yake anachota maji kwa ndoo?"

Nikasema hapana.

"Basi mimi mmenikodi. Weka ndoo chini."

Nililia, wala sikujificha. Kila siku nilikuwa nawaambia wachimbaji wasijitese kununua pampu kwa maji ya msimu, wakodi, maji yakiisha wairudishe. Kumbe sikuwa nimefikiria kwamba hata ujuzi wa mtu unakodiwa hivyo. Kuanzia siku ile niliwaambia wateja wampigie Doto. Wengine walinuna wiki nzima, halafu wakazoea.

Miezi sita ilipokaribia kwisha nilimsihi Mzee Shija abaki. Alicheka. Alisema duara limekauka, na pampu haiachwi kwenye shimo kavu. Doto ameshajua kazi, aachiwe. Ila aliniomba jambo moja kabla hatujaagana: niende Kishapu siku nne, simu niiache mezani kwake.

Nilikwenda roho juu. Ugali ulinishinda, usingizi ulinishinda, wifi zangu wakanicheka. Niliporudi nilipitia kwanza kwenye lile duara. Pampu ilikuwa imekufa juzi yake, na Doto alileta ya akiba kabla maji hayajafika kwenye magoti ya watu. Baba Neema alikuja kunisalimia akitembelea fimbo, akautazama mkoba wangu wa safari.

"Kwani Mama ulisafiri?"

Sijapata kusifiwa zaidi ya hapo.

Kwa hiyo mwajiri mtu huyo, mwanangu. Mpe muda unaojulikana, mpe funguo kwelikweli, na usimzunguke kwa mlango wa nyuma kama nilivyofanya mimi. Mwambie tangu siku ya kwanza amfundishe mtu wako, ili siku akiondoka kazi isiondoke naye. Na kama roho inakuuma kwa sababu hupigiwi simu, acha iume. Itapona, mguu wa Baba Neema haukupona vizuri.

Mungu akupe mtu wa kukuonyesha njia, na akupe masikio ya kumsikia. Nakuombea usafiri, ukawazike wa kwenu na kuwachezea harusi wa kwenu, na watu wako watoke shimoni salama bila hata kujua kwamba hukuwepo.