Kabari Moja Mezani

Jina la Mama Glavu alipewa kwa kejeli, likamganda. Kiwanda chao kilitengeneza sufuria, na hapo awali watu walishika mabati yenye makali kwa mikono mitupu, jioni wakarudi nyumbani viganja vimechanikachanika. Yeye ndiye aliyemwandama msimamizi asubuhi, mchana na jioni, glavu, glavu, mpaka yule bwana akawa anakimbilia chooni akisikia sauti yake. Glavu zikaja. Waliomcheka ndio waliokuwa wa kwanza kuzivaa, na fundi mmoja mnene alijichukulia jozi mbili.

Baada ya glavu akadai feni ya chumba cha kung'arishia, ambako watu walikohoa makohozi meusi. Nayo ikaja. Kwa hiyo siku shemeji yake, mdogo wa mumewe, alipokatwa vidole na mashine, hakuna aliyeuliza ni nani atamsemea.

Mashine yenyewe, ile ya kugandamiza bati likawa sufuria, waliiita Mama Mkwe, kwa sababu haikutaka utani. Ilikuwa na vitufe viwili, kimoja kwa kila mkono, ili inaposhuka mikono yote iwe nje. Mpango mzuri, ila ulikwenda polepole, na msimamizi alitaka sufuria zimiminike. Basi kila fundi alikuwa na kabari yake, kijipande cha mti alichokichomeka ili kitufe cha kushoto kibaki kimebonyea. Kisha alibonyeza cha kulia tu, huku mkono wa kushoto ukiendelea kupanga mabati. Kabari hizo alizichonga msimamizi mwenyewe kwa kisu chake cha mfukoni, akamkabidhi kila mgeni ya kwake. Shemeji alikabidhiwa mbele ya macho ya wote. Siku Mama Mkwe aliposhuka kabla ya wakati, mkono wa kushoto wa kijana wa watu ulibaki na kidole gumba peke yake.

Kiwanda kikasema aliichezea mashine, kosa ni lake, fidia asahau.

Mama Glavu akaenda ofisi ya kazi, akarudi, akaenda tena, hadi walinzi wa pale wakawa wanamuulizia hali ya nyumbani. Mwishowe afisa mmoja akamwambia bila kuzunguka, "Mama, ikionekana wote mnafanya kazi hivyo na msimamizi anajua, kiwanda hakina pa kukwepea. Ila nataka watu. Maneno yako peke yako hayatoshi."

Wakakutana wakati wa mapumziko, nyuma ya stoo, wakapatana. Siku ya shauri kila mtu angekuja na kabari yake, angeiweka juu ya meza ya afisa na kusema aliyempa.

"Hawawezi kutufukuza wote," Mama Glavu aliwaambia. "Sufuria atazigandamiza nani, msimamizi na kitambi chake?"

Wakacheka, wakapigiana mikono. Yeye aliamini kicheko kile.

Shemeji wakati huo alikuwa akilala sebuleni kwao. Mama Glavu ndiye aliyemfulia, akamkatia nyama vipande vidogo, na kila asubuhi akamfunga kifungo cha mkono wa kulia wa shati, kwa maana kidole gumba kimoja hakifungi kitu. "Lete mkono, mume wangu mdogo," alikuwa akimtania. Naye alikuwa akijibu, "Taratibu, kaka asisikie." Asubuhi ya shauri alileta mkono bila kujibu utani. Mama Glavu alidhani ni woga tu, akampigapiga begani.

Wenzake walikuja wote, wakajaa kwenye benchi. Mama Glavu alipoitwa alisimama, akatoa kabari yake kwenye mkoba, akaiweka mezani, akamtaja msimamizi. Kisha akageuka kuwapisha wengine.

Mmoja alijikuna kisogo. Mwingine aliinama kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Wengine?" afisa aliuliza.

"Sisi tunabonyeza vitufe vyote viwili," alisema yule fundi mnene wa jozi mbili. "Hizo kabari hatuzijui."

Uso ulimwaka Mama Glavu kwa aibu na hasira, lakini hakukata tamaa, kwa kuwa lilikuwa limebaki neno la mwenye mkono wake. Afisa akamgeukia shemeji, akamuuliza kabari alipewa na nani.

"Na shemeji huyu," alisema, akitazama viatu vyake. "Yeye ndiye aliyenifundisha."

Watu wote wakaitazama ile kabari moja mezani. Kiwanda kilijivua lawama na kumwondoa Mama Glavu kwa mpigo mmoja, na barua ya kumwachisha kazi ikafuata.

Nyumbani alimkuta mumewe anakunywa chai, wala hakuuliza shauri limekwendaje.

"Ulijua," alisema Mama Glavu.

"Wamempa kazi ya getini, na chumba," mumewe alisema. "Hiyo fidia ingefika lini? Mdogo wangu ataishije na mkono ule?"

"Mngeniambia."

"Ungekataa."

Hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. Ndugu hao wawili walikuwa wameketi pale pale kwenye meza yake, wakinywa chai aliyoipika yeye, wakamuuza.

Siku aliyokwenda kuchukua aproni na buti zake, aliyesimama getini alikuwa shemeji, amevaa kofia na shati jipya la kiwanda la mikono mirefu. Alimpisha aingie bila kumkagua. Alipotoka na mfuko wake, shemeji aliangalia huku na huku, kisha akanyoosha mkono wa kulia kwa mazoea. Kifungo kilikuwa wazi, mkono wa shati unamning'inia mpaka kwenye vidole.

"Shemeji," alisema kwa sauti ndogo, "nisaidie hapa."

Mikono ya Mama Glavu ilikuwa imeshainuka kabla hajafikiri. Akaishusha, akahamishia mfuko bega la pili.

"Waliokupa shati," alisema, "wakufunge na vifungo."