Makomamanga Ambayo Sikuyachuma

Acheni nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana mimi ndiye yule mwanamke aliyewanywesha rangi wazazi wa shule nzima, tena huku akiwahutubia kuhusu afya.

Nauza langoni pa shule ya msingi hapa kijijini kwetu, kisiwani Pate, tangu mama alipofariki (baba alikuwa ametangulia) nami nikaacha masomo darasa la saba ili wadogo zangu watatu wasiache yao. Nilikuwa nauza mabuyu mekundu ya sukari, na watoto walinipenda kuliko mwalimu wao wa hesabu. Basi akaja Mwalimu Mumbua kutoka bara, akataka watoto wale vyakula vya afya, na muuzaji asiye navyo ahame. Mimi akaniita pembeni.

"Dada Mwanaisha, tengeneza juisi ya ubuyu mtupu, bila rangi. Siku ya wazazi watoto wakiinywa, utabaki hapa langoni."

Nikaitengeneza. Mdogo wangu wa mwisho, Zuhura, akaonja, akakunja uso: "Dada, haya si maji ya chokaa?"

Hapo ndipo udadisi uliponiponza. Nikajiuliza, hivi watoto wanapenda utamu au wanapenda wekundu? Nikamimina juisi ile ile vikombe viwili, kimoja nikatia rangi (ncha ya kijiko tu, wallahi), nikampa Zuhura. Cheupe akakisukuma, chekundu akakimaliza, akalamba na kikombe. "Hii ndiyo tamu!" Na sukari ni moja! Nilifurahi kama mtu aliyegundua dawa, na badala ya kuishia hapo nikaitia rangi ndoo nzima.

Siku ya wazazi watoto na wazazi wao walipanga foleni hadi nje ya darasa. Mwalimu Mumbua naye akanywa vikombe viwili, akauliza mbele za watu, "Na hii rangi nzuri imetoka wapi?"

"Ni komamanga, Mwalimu."

Sijui neno lile lilinitokaje. Akapiga makofi, akanipa kipaza sauti niwaeleze wazazi, nami nikaeleza namna ya kukamua, namna ya kuchuja, jinsi linavyoongeza damu, hadi nikajishangaa kumbe najua mengi hivyo.

Ndipo jirani yetu Bi Maimuna akainuka kwenye mkeka. "Mwanaisha, mwanangu, hayo makomamanga umeyapata wapi?"

Mwalimu ni mgeni, lakini kijiji kizima kinajua kwamba mkomamanga hapa ni mmoja tu, nao uko uani kwa Bi Maimuna.

"Maana juzi nimekosa manne, nikasema ni popo. Kumbe popo mwenyewe ana buibui!"

Watu wakaangua kicheko. Nikaona nina mawili, niwe mwizi au niwe mwongo, na mwizi hapa kwetu hata wadogo zake hawakaribishwi tena uani kwa mtu. Zuhura alikuwa ananitazama kutoka safu ya mbele.

"Bi Maimuna, mti wako sijaugusa. Ile ni rangi ya mabuyu." Na kipaza sauti bado nimekishika, kwa hivyo wakasikia hadi waliokuwa barabarani.

Baba mmoja akamwambia mwenzake, "Hebu toa ulimi." Mwekundu! Wazazi wazima wakaanza kutoleana ndimi kama watoto, na Mwalimu Mumbua, ambaye alikuwa ameshapigwa picha akitabasamu pamoja na afisa wa afya aliyealikwa, meno yake mekundu kama ya mtu aliyetafuna tambuu.

Alijifuta mdomo kwa leso, akaitazama leso, akanitazama mimi.

"Langoni utabaki, kwa sababu umesema kweli. Lakini kila asubuhi utakunywa wewe kwanza, halafu utanionyesha ulimi."

Kwa hivyo mkipita shuleni asubuhi mkaniona, mtu mzima na buibui langu, nimemtolea mwalimu ulimi huku watoto wakishangilia, msidhani nimerukwa na akili. Juisi sasa naitia embe bivu, inanyweka. Rangi nimeapa sitaigusa tena, na kipaza sauti sitakishika hata siku ya harusi yangu.