Sale Juu ya Maganda ya Ndizi

Kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya usiku mjini Moshi, mchana nikiuza mitumba mtaa wa Pasua. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, nguo za Ulaya zikamwagika mpaka mbuzi wangeweza kuvaa suti. Cheti kilipotoka, mama yangu kule kijijini Kilema alikitangaza hadi ng'ombe wa majirani wakapata habari. Tangu hapo, kila Jumamosi nilipopanda mlimani, msomaji wa Injili katika jumuiya yetu ya sala ya nyumba kwa nyumba alikuwa mimi, na nilisoma kwa sauti ya kusikika hadi mji wa Himo, chini kabisa ya mlima.

Kwaresima moja nilitamani nisingejua kusoma.

Baba alikuwa amekwisha kufariki. Baada ya mazishi, mdogo wake, yaani baba yangu mdogo, aling'oa masale ya mpaka akayapanda upya ndani ya kihamba chetu, shamba la migomba la ukoo, upana wa migomba miwili hivi. Sale ni mmea wa majani marefu, na kwetu Uchaggani ndiyo alama ya mpaka; huhitaji karatasi. Mama hakwenda kushtaki popote. Aliacha tu kumsalimu. Walipishana njiani miaka na miaka, wakielekea misa ileile, kama watu wa nchi mbili.

Kisha baba mdogo akaugua moyo. Miguu ilimvimba, akawa analala ameketi. Wiki ya kwanza ya Kwaresima, mwenyekiti wa jumuiya, mzee mpole wa jirani, alifika kwetu ameshika kichwa cha sale, majani pamoja na kipande cha shina, kimefungwa fundo. Kila mtu wa kwetu anajua maana yake. Aliyekosa anaomba msamaha, na sale likishaletwa halikataliwi. Watu wamesameheana hata damu kwa majani hayo.

"Shikamoo mzee," mama alisema. "Hilo la nani?"

"La shemeji yako. Angekuja mwenyewe, miguu haimbebi."

"Migomba yangu nayo imekuja?"

"Mama, sale halijibiwi hivyo."

Mama alilipokea kwa mikono miwili, vizuri kabisa, akazunguka nyuma ya jiko kwenye lundo la maganda ya ndizi, akarudi mikono mitupu.

"Umelikataa sale!" mzee alishtuka.

"Sijalikataa. Nimelipokea, nikalitupa. Ahamishe mpaka kwanza."

Jumamosi iliyofuata jumuiya ilikuwa zamu ya kwetu. Sebule ilijaa hadi watu wakapumua kwa zamu. Nikafungua somo la juma lile. Lilikuwa lile la mtu anayeleta sadaka yake madhabahuni, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aiache sadaka palepale, aende kwanza wakapatane. Himo hawakunisikia siku ile. Nadhani hata mstari wa mbele walikisia.

Ikafika saa ya kushirikishana Neno. Mama, ambaye kwa kawaida ndiye wa kwanza, alikohoa.

"Somo hili ni la aliyekosa," alisema. "Mimi sina deni na mtu."

"Aliyekosa amekwisha kuja, mama," mzee akamjibu taratibu. "Sadaka aliyoiacha iko kwenye maganda ya ndizi."

Mama mmoja akaanzisha wimbo haraka, sauti ya juu mno, hakuna aliyeweza kumfuata.

Baada ya hapo mama hakukosa Njia ya Msalaba hata mara moja, lakini alirudi akiwa mweusi wa uso. Usiku nikimsikia akisali, alikuwa akimwambia Mungu mambo ya migomba. Mvua za masika zikaanza, na mvua ya Kilema haina adabu: inaingia hata ndani ya usingizi. Mlima haukuonekana tena. Ukungu ulishuka hadi mlangoni, ukakaa kama mgeni asiyeaga.

Jumamosi moja asubuhi mama aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa amekwenda kumwaga majivu. Juu ya lundo la maganda lilikuwa lile sale, limelala ubavu, fundo bado limefungwa. Shina lilikuwa limetoa mizizi myeupe, na pembeni kumechomoza majani mapya mabichi.

"Sikulipanda," mama alisema. "Nimelimwagia majivu. Nimelimwagia maji ya moto ya vyombo." Akachuchumaa, kanga ikaingia tope. "Ruwa wangu," akamwita Mungu kwa lugha yetu. "Nilikuomba uniambie neno. Na wewe unanijibia jalalani?"

Akainuka, akaingia jikoni. Alipika mtori wa ndizi na nyama, akaufunika vizuri, tukavuka ule mpaka wa ugomvi. Mama hakuutazama.

Mke wa baba mdogo alitupokea mlangoni. Alitazama sufuria, kisha akamtazama mama.

"Juzi alikuwa bado anakuulizia, dada," alisema. "Jana kimempiga kiharusi. Hasemi tena."

Baba mdogo alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mdomo umekwenda upande. Mama aliketi kitandani, akamshika mkono.

"Shemeji, ni mimi. Sale lako nimelipokea. Nimekusamehe. Unanisikia? Migomba kula, kula tu."

Jicho lake moja lilitoa chozi. Lakini jicho lile, mkewe alitwambia, lilikuwa likitoa machozi tangu jana yake.

Alifariki kabla ya Pasaka. Alizikwa upande wake wa mpaka, au upande wetu, inategemea unamuuliza nani.

Asubuhi baada ya mazishi tulisali wawili, mama na mimi. Nilikuwa natafuta somo aliponishika mkono.

"Ulikuwa pale. Alinisikia?"

Mimi ni mtu ninayeweza kumshawishi mteja kwamba shati la mtumba lilivaliwa na mfalme. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba baba mdogo aliubana mkono wake, kwamba nilimwona akitabasamu. Mama alikuwa akinitazama kama anavyotazama msalaba.

"Sijui, mama," nikasema.

Alitikisa kichwa pole pole. "Basi soma."

Nikasoma. Nilipofika mwisho hakuliitikia Neno kama kawaida, nikarudia tangu mwanzo.