Mwanafunzi wa Upande wa Pili wa Ukuta

Sauti Kuruthum alikuwa nayo, hilo hata wifi yake Kaltham hakulikana. Alichokibisha Kaltham ni matumizi yake. Mtu kajaliwa sauti ya kutuzwa harusini, yeye anaimalizia kwenye wimbo mmoja wa Kihindi usiokwisha, unaopanda na kushuka kama mtu aliyesahau alichofuata ghorofani. Na wimbo wenyewe huuimba asubuhi tu. Ukimwomba jioni atakwambia si wakati wake. Sasa niambieni, harusi gani ya hapa Sur, Omani, inapigwa saa mbili asubuhi?

Wimbo huo ulitoka naye Bujumbura, alikozaliwa. Nyumba yao ilipakana ukuta na ya Mzee Jivraj, muuza vitenge, aliyekuwa akimfunza bintiye Mukta kuimba kila siku kabla ya kufungua duka. Mukta alikuwa mvivu wa kutajika, leo tumbo, kesho kichwa. Upande wa pili, Kuruthum wa miaka tisa kabandika sikio ukutani, uji wake unapoa. Wakaenda hivyo miaka minne. Mukta akatoka mikono mitupu, na aliyeambulia kitu hakuwa ameandikishwa. Mzee Jivraj akimkuta barazani huamkiwa shikamoo, huitikia na kupita zake, asijue kwamba huyo ndiye mwanafunzi wake hodari. Jambo hilo lilimuudhi Kuruthum kidogo na kumfurahisha sana.

Kisha wazee wakarudi Omani. Kuruthum akaolewa Aija, mtaa wa Sur, akazaa, akapata kazi ya kupokea simu katika ofisi ya viza mjini humo. Akaimba jikoni na kazini, peke yake, na swali moja likimla moyo: alichonacho ni kitu cha kweli, au ni makelele ya mtoto msikiliza vya watu? Wa kumwuliza hakumpata. Wahindi wa sokoni walikuwa watu wa nyimbo za sinema. Walimsikiliza kwa adabu, wakampimia bizari yake.

Mwaka 1998 mzee mmoja wa Kihindi alipiga simu kuulizia viza yake. Kuruthum akauweka mkono wa simu mezani, akaenda kutafuta faili, huku akiimba. Aliporudi akamwambia faili limepatikana. Mzee akajibu kwamba halina haraka hata kidogo, alirudishe akalitafute tena.

Ndiye Pandit Madhukar, mwimbaji na mwalimu wa uimbaji kutoka Pune, aliyekuja kumtembelea mwanawe mhandisi. Ijumaa iliyofuata, asubuhi, Kuruthum akaalikwa nyumbani kwao. Kaltham akafuatana naye, kwa kulinda heshima alisema, lakini macho yake hayakubanduka kwenye sahani ya vitamu vya jalebi.

Kuruthum akaimba mpaka mwisho. Mzee akafumbua macho, akamwambia kwa Kihindi cha polepole kwamba hiyo ni raga, uimbaji wa jadi wa Kihindi, inaitwa Bhairav, ni ya alfajiri, na ameipata sawasawa. Kuruthum akalirudia jina hilo kimoyomoyo, kwa furaha. Miaka thelathini hakujua hata jina lake.

"Ila nieleze," mzee akasema. "Pale katikati unakohoa mara mbili. Kila ukifika hapo. Kwa nini?"

Swali likamshangaza. Kwani kikohozi hakimo ndani ya raga? Mhandisi akaangua kicheko, Kaltham naye akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Mzee Jivraj alikuwa mvuta sigara mkubwa, na mtoto wa nyuma ya ukuta alibeba vyote alivyovisikia, bila kuchagua. Kuruthum alitamani ardhi ipasuke aingie.

Pandit hakucheka. Aliuliza jina la mwalimu. Kuruthum akajibu kwamba hana mwalimu, yeye aliiba.

"Kwetu mwimbaji humtaja mwalimu wake kabla hajaimba," mzee akasema, "na akimtaja hushika sikio, kwa heshima. Asiye na mwalimu haimbi mbele za watu. Ijumaa ijayo nimealika watu thelathini waje wakusikilize. Utamtaja nani?"

Njiani Kuruthum akasema haendi. Atasimamaje kumtaja mtu ambaye hakumpa ruhusa wala hakujua? Kaltham alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko.

"Umekula wali wa mtu miaka thelathini, wifi," akasema. "Sema basi umekula kwa nani."

Wiki nzima Kuruthum akajizoeza kukiacha kikohozi. Kilikuwa kigumu kutoka kuliko raga ilivyokuwa ngumu kuingia.

Ijumaa ikafika, akaketi mbele ya Wahindi thelathini na Kaltham mmoja. Akashika sikio.

"Mwalimu wangu ni Jivraj, muuza vitenge wa Bujumbura," akasema. "Alinifunza miaka minne, wala hajui."

Akaanza. Sauti ikapanda safi, na watu wakatikisa vichwa. Alipofika pale katikati hakukohoa. Alinyamaza, kiasi cha muuza vitenge mmoja kukohoa mara mbili, kisha akaendelea.